Wameiba mpaka kibao cha barabara

Haya jamani, wameiba kibao cha barabara.

Sio simu, sio mtungi wa gesi, sio kuku wa mama jirani (kuku waliisha zamani), kibao. Jumatatu saa tisa na nusu usiku nimetoka na ndoo zangu mbili, nimefika pale kwenye jiwe kubwa tunapokata kona kushuka, nikanyoosha mkono kama siku zote maana pale pana utelezi na mi huwa nashika lile bomba la kibao ndo nashusha mguu, mkono ukashika hewa. Nusura niende na ndoo zangu. Kuwasha tochi ya simu naona kishimo tu, wamekichimbua na zege lake la chini kama mtu anavyong'oa muhogo, udongo wameurundika pembeni vizuri kabisa, hata haraka hawakuwa nayo.

Nikakaa kwenye lile jiwe nikacheka. Peke yangu, usiku ule. Angepita mtu angesema huyu mama tayari.

Ngoja nianze mwanzo. Mi naishi mlimani hapa hapa Mwanza, Nyamagana au Ilemela hiyo sisemi, na mtaa siutaji maana shida nilizonazo zinanitosha sitaki kuongeza ya kuitwa ofisini kujieleza. Mwanza mnaijua ilivyo, chini lami na maghorofa, ukinyanyua macho nyumba zimekaa juu ya mawe kama zimepandwa, wageni wakija wanapiga picha wanasema pazuri. Na pazuri kweli, mi kutoka barazani kwangu naliona ziwa asubuhi mpaka linaumiza macho. Ila uzuri huo unaupanda kwa miguu.

Kibao kilikuja 2022, kabla ya sensa, ile operesheni ya anwani za makazi ya nchi nzima. Walikuja vijana na rangi na fomu na mabomba ya chuma, wakauliza barabara hii inaitwaje. Tukaangaliana. Barabara ipi? Mama mmoja akasema si barabara hii ni njia ya maji, kijana akacheka akasema mama lazima iwe na jina, mfumo haukubali bila jina. Basi ikapewa jina, kibao kikachomekwa pale kwenye jiwe, kwangu ukutani wakapiga namba na ipo mpaka leo. Na sitaki kudanganya, nilifurahi. Nilimtumia dada yangu wa Geita picha, nikamwambia saivi na sisi tuna anuani, ukija usiulize tena kwa mama anayeuza dagaa ni wapi, uliza barabara fulani nyumba namba fulani. Dada akajibu, na gari inafika? Nikamwambia we kwani unakuja na gari?

Gari zamani ilikuwa inafika. Mi nimehamia pale 2013, Probox ilinishusha na kitanda na kabati mpaka mlangoni, dereva alilalamika kidogo tu akaongezewa elfu mbili akanyamaza. Hiyo njia haikuwa ya lami wala nini, ila ilikuwa imeshindiliwa na miaka, kuna mawe wazee walipanga wenyewe sehemu za utelezi, na maji ya mvua yalikuwa na njia yake pembeni. Alafu watu wakaongezeka huko juu. Kila anayejenga anaangalia maji yasiingie kwake, yakienda kwa nani hiyo sio kesi yake. Mmoja ukuta wake kauweka juu ya mfereji kabisa, mwingine bomba la maji ya bafuni kalitoboza njiani, na mi mwenyewe nikiri hapa, maji yangu ya kuoshea ndoo miaka yote nayamwaga njiani. Sasa mlima mzima unamwaga kwenye kichochoro kimoja, unategemea nini.

Lakini kilichotumaliza ni greda.

Mwaka 2024 mwezi wa kumi, mnakumbuka uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 27 Novemba, basi ghafla tukasikia ngurumo huko chini tukatoka wote, watoto wanakimbia mbele wanashangilia kama wamemuona tembo. Greda la njano linapanda. Kina mama wengine wakapiga vigelegele, na mi nilipiga, sioni aibu kusema. Likakwangua kwenda, likakwangua kurudi, likang'oa yale mawe ya wazee yote likayasukumia pembeni, ikabaki njia laini imenyooka kama uji, likashuka. Kazi ya nusu siku. Mzee jirani yangu, huyo ni fundi wa kujenga misingi ya mawe maisha yake yote, alisimama na fimbo yake akaangalia akasema neno moja tu, "mwisho wa mwezi huu." Nikamuuliza mwisho wa mwezi kuna nini mzee. Akasema "mvua."

Ikanyesha. Udongo wetu ni kichanga, ule unaotokana na mawe yanayomomonyoka, ukishautibua haushikani hata ufanyeje, na hapakuwa na mfereji wala kalavati wala jiwe moja la kuvunja spidi ya maji. Siku ya kwanza kikachimbika kijimfereji cha upana wa kiganja katikati ya njia. Wiki ya pili mguu wa mtoto unazama. Kufika Krismasi tuna korongo. Saivi mi nikisimama ndani yake pale kwa chini kidogo ya jiwe ukingo unanifika begani, na bomba la maji limebaki linaning'inia hewani kutoka ukingo huu mpaka ule, kuna siku nimekuta mtu kaanika shuka.

Kinachoniuma sio kwamba haiwezekani. Mwanza hii hii kuna milima imewekewa barabara za mawe, yanapangwa yanachomekewa saruji, na zinadumu, mvua inapita juu inaenda zake. Mawe yenyewe hatuagizi nje, tumelala juu yake! Mji mzima unaitwa mji wa miamba alafu tunakosa jiwe la barabara.

Sasa hapo ndo nataka mnielewe, maana watu wakisikia nalalamika barabara wanadhani nalalamikia viatu. Nalalamikia wezi. Kwetu wezi waliletwa na lile korongo.

Mi biashara yangu dagaa, pale Mwaloni Kirumba, mwaka wa kumi na moja huu. Anayejua dagaa anajua kazi yake inaenda na mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa watu hawaingii ziwani, dagaa hawafuati taa, zamani karabai saivi taa za sola ni kitu kile kile, taa inataka giza. Kwa hiyo kwenye mbalamwezi tunapumzika, tunalipana madeni, tunafua. Giza likiingia ndo kazi, mitumbwi ya visiwani inapiga hodi alfajiri na anayewahi ndo anapata mzigo wa bei nzuri, ukifika saa mbili asubuhi unauziwa mabaki na maneno juu. Yani siku zangu za kutoka usiku ni zile za giza totoro tu, kila mwezi, na haihitaji mtu awe na degrii kunipangia ratiba. Mwizi anaangalia juu tu. Hamna mwezi, mama wa dagaa anashuka na hela.

Zamani boda alikuwa ananifuata mlangoni. Nampigia, nasikia pikipiki inapanda, natoka napanda, basi. Baada ya korongo boda wote wanaishia chini kwenye duka la dawa, kutoka kwangu mpaka pale ni mita kama mia nne, natembea gizani ukingoni mwa korongo, na njia imebaki ile moja tu ya upana wa mtu, huwezi kupishana wala kukimbia. Wenyewe wakaona. Wanajua kila mtu wa juu lazima apite kwenye jiwe, anayetoka kazini usiku, anayewahi stendi Nyegezi, mwanafunzi anayetoka prepo. Wanakaa tu kama mtu anavyotega samaki kwenye mkondo.

Mimi ilikuwa mwezi wa tatu. Sikusikia mtu. Nilisikia harufu, sigara na kitu kama petroli, alafu mkono ukaja shingoni kwa nyuma, ile wanayoita roba, na we hapo hata sauti huna, unaona nyota tu na sio za angani. Mwingine alikuwa mbele yangu ananipapasa, tena ananiambia "tulia mama, tulia mama yangu", kwa heshima kabisa, mtoto mdogo, sauti yake haijavunjika vizuri. Alijua hela zipo wapi. Hakugusa pochi, alienda moja kwa moja kwenye kitambaa nilichofunga kiunoni ndani ya kitenge. Laki nne na themanini, na laki mbili kati ya hizo zilikuwa za watu, za kikoba. Na simu. Waliponiachia nilianguka ndani ya korongo, ndoo moja ikanifuata kichwani, na nilivyokuwa naanguka nilisikia yule mdogo anasema "pole."

Pole. Nimelifikiria lile neno miezi mingi.

Nilitolewa na yule mzee fundi, alisikia ndoo. Alinipa mkono akasema kwa Kisukuma, pole ng'wana wane, na mkewe akanichemshia maji. Kulivyokucha nikaenda kituo cha polisi, sitasema kipi. Na nisiwaseme vibaya, yule afande wa kaunta alikuwa mtu mzuri, alinipa kiti, akanisikiliza, akaandika, nikapewa RB. Nikamuuliza afande mnakuja lini kuangalia, ile sehemu naijua, ni pale pale wanapokaa kila siku. Akaniuliza gari linafika? Nikasema linaishia chini. Akasema sasa mama unaona, usiku askari wawili washuke kwenye gari wapande kwa miguu huko kwenye mawe hawajui kuna nini, hapana. Alafu akasema hivi, nanukuu maana sijasahau: "Nyie mkimkamata mshusheni mpaka barabarani, sisi tutakuja kumchukua."

Mi huyo mwenye shingo iliyovimba ndo nimkamate nimshushe.

Basi nikasema hapa dawa ni barabara. Nikajipa kazi, kila mbalamwezi nikiwa sina mzigo nazungukia ofisi. Nimezunguka mbalamwezi nne. Sitawachosha na yote.

Ofisi ya mtaa wakanipokea vizuri, mwenyekiti akasema mama hilo jambo tunalijua sana, ila mtaa hauna fungu, mtaa una muhuri. Hapo alisema ukweli na nampa heshima yake, yule mtu kiti chenyewe anachokalia amekitoa nyumbani kwake. Akaniambia niandike barua, ipite kwake, ipite kata, iende juu. Nikaandika. Kata wakasema barua haina orodha ya wananchi. Nikakusanya sahihi, watu sitini na kitu, wengine dole gumba, kuna bibi hakutaka kusaini aliogopa atakatwa kitu kwenye pesa za TASAF, nikamwacha. Nikarudisha. Wakasema mtendaji yupo kwenye semina. Mbalamwezi iliyofuata mtendaji yupo, barua haionekani. Nilikuwa na kopi, hiyo ndo akili pekee niliyokuwa nayo.

Nikaenda nayo mwenyewe ofisi ya juu zaidi. Pale kaka mmoja mwenye kitambulisho shingoni akanieleza kwa upole kwamba nimekosea ofisi, barabara za mitaa zilitolewa halmashauri toka 2017 zikapewa wakala, na zile kubwa zina wakala wao mwingine, kwa hiyo hapa tunashughulika na mambo mengine. Nikasema haya, asante, nikaenda huko kwingine. Huko nako, na wenyewe mtakisia ni wapi, nikakutana na injinia, kijana mdogo tu, akafungua kompyuta akatafuta akatafuta, akageuza kioo nione. Akasema mama barabara yenu haipo. Nikasema najua haipo, ndo maana nimekuja. Akasema hapana, haipo kwenye mtandao wa barabara, haijasajiliwa, sasa fedha ya matengenezo inaenda kwenye barabara zilizosajiliwa, hii kwenye mfumo sio barabara.

Nikamwambia baba ina kibao. Ina jina. Serikali ndo ilikuja ikaipa jina, nyumba yangu ina namba. Akasema huo mfumo mwingine.

Kwa hiyo mfumo mmoja haukubali barabara isiyo na jina na mfumo mwingine hata barabara ikiwa na jina hauikubali. Na upo mfumo wa tatu, huo ndo naupenda, kila mwezi nikinunua umeme kwenye LUKU wananikata elfu moja mia tano kodi ya jengo, ilianza na buku 2021, 2023 ikapanda, na huo mfumo hata siku moja haujaniambia mama kwako hatufiki. Hela inapanda ule mlima usiku na mchana bila boda. Alafu 2021 hiyo hiyo iliongezwa shilingi mia kwenye kila lita ya mafuta, tukaambiwa ni ya barabara za vijijini na mijini, sawa, nzuri, sina shida nayo, na mi nailipa japo sina hata baiskeli maana boda akipandishiwa mafuta anayenipandishia ni mimi. Ninachouliza ni hivi, hiyo mia yangu ikifika pale kwenye duka la dawa nayo inashuka inasema huku hatupandi?

Yule injinia lakini alinisaidia kitu. Aliniambia suala la usajili linaanzia kwenye vikao vya kata, diwani alipeleke, na kwamba ramani ya urasimishaji ikiwepo inasaidia. Ramani! Tulirasimisha bwana, tulichanga hela kila kiwanja, wapimaji wakaja, na kwenye ramani njia yetu ina mita sita. Kila mtu alitoa kipande cha kiwanja chake. Mi nilikata mwembe wangu, mwembe ulikuwa unazaa mara mbili kwa mwaka, nikaukata kwa ajili ya hizo mita sita, na korongo limepita pale pale ulipokuwa mwembe. Kwa hiyo nilirudi nyumbani siku hiyo na kaushindi kadogo, nikasema tuitishe mkutano.

Mkutano wa mtaa kwa taratibu unatakiwa uitishwe mara kwa mara, na mapato na matumizi yasomwe. Wa mwisho kwetu sikumbuki. Huu ulifanyika, tukakaa chini ya mti watu kama themanini, na nilikuwa na karatasi zangu zote kwenye mfuko wa rambo. Ajenda ya kwanza ulinzi. Ikaanza pale na ikaishia pale. Mwenyekiti akasema turudishe ulinzi shirikishi, kila kaya elfu mbili kwa mwezi, vijana walipwe. Wazee wakasimama wakaanza hadithi za sungusungu, na kweli sungusungu ni kitu cha huku kwetu, Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 80, wizi wa ng'ombe uliwachosha watu wakajipanga wenyewe na mishale na filimbi, mzee mmoja akasema enzi hizo mwizi alikuwa anahama mkoa mwenyewe. Makofi. Kijana mmoja wa huko nyuma akasema babu enzi hizo mlikuwa mnajuana, saivi hapa mwizi anaweza kuwa mpangaji wako. Kukawa kimya kibaya. Maana kila mtu aliwaza mtu.

Mi niliwaza ile "pole." Ile lafudhi ni ya hapa hapa.

Nikanyoosha mkono nikasema mwenyekiti, filimbi ni sawa ila tukitengeneza njia boda wanapanda, gari la polisi linapanda, taa zitawekwa, wezi hawatakuwa na pa kutegea, naomba tuongelee barua ya diwani. Baba mmoja akadakia, "huyu mama anataka lami apitishe dagaa zake." Watu wakacheka. Nikamwambia baba nanihii we mwanao wa sekondari alinyang'anywa simu pale pale mwezi wa sita, akanyamaza, lakini mkutano ulishapoa. Mtu mwingine akauliza michango ya mwaka juzi ya ulinzi ilienda wapi. Hapo ndo kukaharibika kabisa, mwenyekiti akasema hilo litajibiwa mkutano ujao, watu wakasimama, mvua nayo ikaanza kuchuruzika, tukatawanyika kila mtu kashika viatu mkononi.

Vijana wa ulinzi walianza, wawili, wana rungu na tochi. Walifanya kazi miezi miwili, na sitaki kuwadhulumu, miezi hiyo miwili hapakuwa na mtu aliyekabwa. Mwezi wa tatu kaya zilizolipa zilikuwa kumi na nne. Nazijua kwa sababu daftari niliombwa nitunze mimi. Vijana wakaacha, mmoja saivi anaendesha boda na hata yeye hapandi.

Kuna siku nilienda msibani Sengerema, nikavuka lile daraja jipya la Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji. Mi nimekulia kwenye foleni ya kivuko, nimeshalala pale na maiti kwenye gari tunasubiri zamu. Safari hii nilikuwa bado natafuta karanga kwenye pochi nikaona tumeshafika ng'ambo. Sina kinyongo na daraja, nililia kidogo hata, nilimkumbuka mama. Ila niliporudi usiku ule kutoka stendi mpaka duka la dawa chini kwetu boda alinitoza elfu mbili mia tano, akasimama, nikamwambia baba nakuongeza buku nipandishe. Akawasha taa akamulika ule ukingo, akaangalia, akazima. Akasema, "mama, mi nina watoto."

Sasa turudi kwenye kibao.

Juzi Jumatano nikashuka mchana kwa mnunuzi wa skrepa, hao wanaonunua vyuma chakavu kwa kilo, huko nako sipataji. Sikuwa na uhakika, nilienda tu roho imeniambia. Nikajifanya nauliza bei ya ndoo za bati. Macho yangu yakapita kwenye lile lundo, springi za gari, sufuria, mifuniko ya chemba, mita za maji kama nne hivi zimekatwa mabomba, na pale chini kabisa naona rangi ninayoijua. Bomba lilikuwa bado na zege lake. Bati la jina limekunjwa katikati kama chapati, nusu ya jina inaonekana.

Nikamwambia kijana, hili bei gani. Akasema mama hili la nini kwako. Nikasema nataka kufungia ng'ombe. Akalipandisha kwenye mzani, na zege juu yake, nikamwambia mwanangu zege nalo ni skrepa? Akacheka akaligonga na nyundo likapasuka, akapima tena. Elfu saba. Nikamuuliza nani kakuletea, akaangalia pembeni akasema "vijana tu wanaletaga." Nilitaka kumuuliza kama mmoja wao sauti haijavunjika vizuri. Sikumuuliza. Nililipa, nikalibeba begani kama mpini wa jembe kubwa, watu njiani wananiangalia, na pale kwenye duka la dawa boda mmoja akaniambia mama si uturudishie barabara yetu, wenzake wakacheka sana, na mi nikacheka.

Nikampelekea mzee fundi alione. Nikamuuliza tukirudishie pale kwenye jiwe, nina saruji nusu mfuko imebaki. Akaliangalia, akalizungusha, akagonga na kidole. Akasema tukirudishia wataling'oa wiki hii hii, na safari hii watauza kwa bei ile ile uliyonunulia maana wanajua mteja yupo. Alafu akauliza mlango wako wa mbele unafungia nini. Nikasema kitasa na kikomeo kidogo. Akaenda akaleta vyuma viwili vya kona, akavipigilia kwenye fremu huku na huku, kazi ya robo saa, hela hakutaka nikampa dagaa sado moja.

Bomba limekaa kama limepimiwa. Usiku nalipitisha nyuma ya mlango, na lile bati nililinyoosha na nyundo nikaliacha hapo hapo, mwanangu wa darasa la tatu kila akienda kulala analisoma kwa sauti, jina lote mpaka mwisho. Giza linaanza Jumatano ijayo. Nimeshaongea na mama wa nyumba ya juu anayeuza maandazi stendi, tutakuwa tunashuka wawili.